Mazoezi gani tena, mwanangu?

Hema lilisimamishwa pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, siku ya upimaji wa bure. Meza mbili za plastiki, mashine tatu za presha, mzani mmoja, na foleni ya wauza vitenge, mama ntilie, wapita njia na vijana waliosikia kwamba kuna fulana zinagawiwa. Mzee mmoja alisukuma mkokoteni wake hadi ukingoni mwa hema, akautegesha jiwe, akajifuta jasho kwa kola ya shati, akaingia. Foleni ikampisha kwa heshima ya mvi zake na, nadhani, kwa sababu mkokoteni wenyewe ulikuwa umeziba njia.

Nesi, binti wa miaka ishirini na kitu, alimwamkia, akamfunga mkanda mkononi, mashine ikanguruma. 168 kwa 104.

"Baba, presha yako iko juu sana. Punguza chumvi, punguza mawazo, halafu ufanye mazoezi."

Mzee akageuka akautazama mkokoteni. Juu yake yalikuwa yamefungwa mabelo manne ya mitumba.

"Mazoezi gani tena, mwanangu?"

Watu wakaangua kicheko. Nesi naye akacheka kwa haya, akamwandikia kikaratasi cha kwenda kituo cha afya, mzee akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa shati, akaenda zake. Nami nikabaki na swali lake. Alilitoa kwa utani, lakini kwa maoni yangu ndilo swali gumu kuliko yote katika mazungumzo haya ya siku hizi kuhusu afya na utimamu wa mwili.

Nesi simlaumu. Alichosema ndicho kilichoandikwa kwenye vipeperushi, na vipeperushi vimenakili kwa wakubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa mwendo wa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au nusu ya hizo akienda kwa kutweta, na siku mbili au zaidi aipe misuli kazi. Msukuma mkokoteni huzimaliza dakika hizo Jumatatu, kabla hajala cha mchana. Kazi ya misuli haombi kuongezewa.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa shirika hilohilo walichapisha hesabu ya nchi 168, wakitafuta ni watu wazima wangapi wasioushughulisha mwili vya kutosha. Uganda ilikuwa na wachache kuliko zote, 5.5%. Tanzania 6.5%. Kuwait 67%. Kwa hesabu hiyo sisi tungepewa kombe. Lakini utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 26% wana shinikizo la juu la damu, na 9% wana kisukari. Tunatembea na kubeba kuliko karibu dunia yote, na bado mmoja kati ya wanne ana presha.

Mtu atasema: chumvi hiyo, na mafuta ya kukaangia yanayorudiwa hadi yanakuwa meusi, na ukoo. Ni kweli, na chumvi nitaigusa. Ila hayatoshi kujibu kwa nini mwili unaofanya kazi kutwa haupati ile faida ambayo mwili wa ofisini unaipata kwa nusu saa ya kukimbia jioni.

Inafaa kuanzia kwenye basi, maana elimu ya kisasa ya mazoezi na moyo ilianzia humo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku akikata tiketi. Wanaume wa tabaka moja, wa gari moja, wa mshahara usiopishana sana. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na ulipowapata haukuwaua upesi vilevile. Tangu hapo dunia ikaamini kwamba kukaa kunaua na ngazi zinaokoa.

Kinachonipendeza kwa Morris ni kwamba hakuridhika. Mwaka 1956 yeye na wenzake walirudi na uchunguzi wa suruali. Walichukua vipimo vya viuno kutoka kwenye sare walizogawiwa wafanyakazi wale, wakakuta madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta tangu wakiwa vijana. Yaani huenda kiti hakikuwa cha kulaumiwa peke yake. Huenda wanene ndio waliokwenda kuomba udereva. Watu wengi wanaonukuu utafiti wa mabasi hawazitaji suruali hizo.

Sasa ulete mfano huo Mbagala. Konda wa daladala hakai. Ananing'inia mlangoni, anaruka, anasukuma abiria, anakimbilia gari likishaanza kuondoka. Kwa kipimo cha London angekuwa na moyo wa farasi. Lakini ameamka saa tisa usiku ili gari liingie barabarani mapema, anavuta moshi wa foleni kutwa, anabishana juu ya chenji na nauli ya mwanafunzi, trafiki anamvizia, na juu ya yote kuna hesabu ya tajiri ambayo lazima itimie kabla yeye na dereva hawajaanza kugawana kinachobaki. Saa sita mchana anakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu badala ya kula. Kondakta wa London alikuwa na zamu yenye mwanzo na mwisho, mshahara wa uhakika na sare ya mwajiri. Ngazi zilimsaidia, lakini zilimsaidia akiwa ndani ya siku ya namna hiyo. Tukizichukua ngazi na kuiacha siku, tumechukua nusu ya ushahidi.

Wadenmark wamelitolea jambo hili namba. Mwaka 2021 Andreas Holtermann na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wapatao 104,000 wa Copenhagen kwa takriban miaka 10. Waliojishughulisha sana wakati wao wa mapumziko walipatwa kidogo na mshtuko wa moyo na kiharusi. Waliojishughulisha sana kazini walipatwa zaidi, hata baada ya watafiti kutoa kwenye hesabu tofauti za sigara, elimu na kipato. Mwili uleule, jasho lilelile, matokeo yanapingana.

Maelezo yake si ya kichawi. Anayekimbia jioni anauamsha moyo kwa nusu saa, kisha anaoga, anakula, analala; moyo unarudi chini na kujijenga. Anayesukuma mzigo kwa saa kumi anauweka moyo na presha juu kutwa nzima, halafu anarudi chumba chenye joto, hapati usingizi, kesho anaanza na deni la jana. Mkimbiaji akichoka anasimama. Mbeba mzigo akichoka tajiri anamwita mwingine. Wapo wanaosema kwamba utafiti huu bado unaficha umaskini ndani yake, kwamba hakuna hesabu inayoweza kuutoa wote. Mimi naona pingamizi hilo linaisaidia hoja: kama umaskini haung'oki kwenye kazi ya nguvu hata Denmark, utang'okaje Kariakoo?

Mfano wa upande wa pili uko hapahapa nchini. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku kwenye mwendo wa nguvu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kufuata asali, na presha kwao ni haba. Watu hupenda kuishia hapo: basi, tuishi kama Wahadzabe. Lakini mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati ambayo miili yao inatumia kwa siku, wakakuta, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya Mmarekani au Mzungu anayekaa ofisini. Mwili una bajeti. Ukitumia huku unabana kule. Na mwaka 2020 utafiti mwingine ulikuta kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho. Saa kumi! Hawaketi kwenye sofa, mara nyingi huchuchumaa au hupiga magoti, hivyo misuli hailali kabisa. Ila wanapumzika, tena bila kumwomba mtu ruhusa. Kila tunapowataja kama kielelezo cha mwendo tunasahau kwamba ni kielelezo cha mapumziko pia.

Jambo hili la ruhusa lina uzito kuliko linavyoonekana. Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000 walifuatiliwa katika uchunguzi uliopewa jina la Whitehall, ambao baadaye uliongozwa na Michael Marmot. Wote walikuwa na ajira, hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu hivi ya wakubwa wao, na sigara na mafuta ya damu hayakuweza kueleza tofauti yote. Uchunguzi uliofuata, ulioanza 1985, ulionyesha kwamba kutokuwa na usemi juu ya kazi yako mwenyewe, lini uanze, lini upumzike, ni hatari kwa moyo. Nesi aliposema "punguza mawazo" alikuwa karibu na ukweli huo bila kujua. Shida ni kwamba mawazo ya mzee hayako kichwani mwake tu. Mengine yako kwa tajiri mwenye mkokoteni, anayedai kodi yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Niruhusu nitoke kidogo barabarani, maana Kariakoo ina historia yake katika wazo hili la kumtazama mtu na maisha yake yote kwa pamoja. Neno *holism*, ambalo Wazungu wanalitumia kwa mtazamo wa kumtibu mtu akiwa kitu kizima lilitungwa na Jan Smuts wa Afrika Kusini katika kitabu chake *Holism and Evolution* cha mwaka 1926. Alisema maumbile yanajenga vitu vizima ambavyo huwezi kuvielewa kwa kuvikata vipande. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1916, Smuts huyohuyo alikuwa jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mizigo ya vita ile ilibebwa vichwani na wapagazi, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara, malaria na kuchoka kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na hapo ndipo jina la Kariakoo lilipotoka. Hakuna watu waliotembea kuliko wale. Na mwanafalsafa wa ukamilifu, aliporudi kwao, alikuja kutawala nchi iliyowagawa watu wake kwa rangi. Nalisema hili bila kukusudia kulitupa neno. Nalisema kwa sababu kila anayekuja kwetu na habari za "mtu mzima" ni haki tumuulize ni mtu yupi anayemhesabu.

Sisi hatukuhitaji kuazima wazo lenyewe. Tunapomuuliza mtu "U mzima?" hatuulizi habari ya kiungo kimoja. Nazi nzima ni ile isiyovunjwa, mwezi mzima ni ule usiopungua siku, mtu mzima ni aliyekomaa, na mzima ni aliye hai tena asiyeumwa. Mpiga hodi anaulizwa habari za watoto, za mvua, za mgonjwa wa jirani, ndipo aseme kilichomleta.

Na Pwani kulikuwa na elimu iliyopangwa, si salamu tu. Ibn Sina alimaliza *al-Qanun* yake kwenye mwaka 1025, na tiba ya kizamani iliyomfuata iliorodhesha mambo sita ambayo tabibu hana budi kuyauliza: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na utulivu, usingizi na kukesha, vinavyotoka mwilini na vinavyobaki, na mambo ya nafsi kama hofu, huzuni na hasira. Masalia ya elimu hiyo ndiyo bibi zetu walikuwa wakiyatumia walipogawa vyakula vya moto na vya baridi na kumkataza mzazi wa jana asiguse dafu. Nadharia yake ya maumbile manne imekufa, na ni vizuri ilivyokufa. Orodha ya maswali haijafa. Itazame tena: mwendo na utulivu vimewekwa pamoja kama jambo moja. Hakuna mwendo peke yake.

Mpe mzee wa mkokoteni mambo hayo sita uone. Hewa yake ni ya bomba la gari lililo mbele yake. Chakula: asubuhi chai ya rangi yenye sukari ya kutosha na chapati mbili, mchana ugali wa sembe na maharage ya mama ntilie yenye chumvi ya kumvutia mteja, maana mboga isiyokolea hairudishi mtu kesho. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai, na anayetoka jasho jingi hutamani zaidi. Mwendo anao, utulivu hana. Usingizi wake naujua kwa kukisia: nyumba za kupanga, bati, joto la Februari, spika ya baa ya jirani. Vinavyotoka na vinavyobaki: choo cha sokoni ni cha kulipia, na anayelipia choo mara tano kwa siku amepoteza faida ya trip moja. Kwa hiyo hanywi maji. Wauza mboga wa kike wamewahi kuniambia hivyohivyo bila haya: hunywi maji mpaka ukaribie kurudi nyumbani. Daktari wa tumbo na figo anaweza kuwaeleza wanachokivuna. Na nafsi: tajiri, kodi, mgambo, ada ya Januari.

Kati ya yote hayo, ushauri wa nesi uligusa mawili na nusu.

Hapa lazima niseme neno juu ya wachuuzi, kwa sababu wameliteka wazo hili la kumtazama mtu mzima mapema kuliko hospitali. Kuna chupa moja inayotibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na uzazi, kwa jina la "tiba ya mwili mzima." Kuna mikanda ya kubana tumbo na chai za kulisafisha. Kuna walimu wa simuni wenye misuli ya kuchonga wanaouza ratiba ya siku 30. Wote wanasema wanamtazama mtu mzima, na wote wanauza kipande. Kibaya zaidi ni anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya presha "arudi kwenye asili." Presha haina kelele, mtu anaweza kujisikia mzima hadi asubuhi mdomo unapokwenda upande. Kumtazama mtu mzima kunaongeza maswali juu ya vidonge, hakuviondoi vidonge. Anayeuza kinyume cha hapo ni mwizi, na sioni sababu ya kumlegezea ulimi.

Kwa wanawake mambo yana sura nyingine. Takwimu za kitaifa zinaonyesha wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa 18% mwaka 2004–05, na 28% mwaka 2015–16. Haraka haraka tunasema: wafanye mazoezi. Wapi? Saa kumi na moja alfajiri njia ya mtaani si salama kwa mwanamke peke yake, na saa hiyo ndiyo ya kuandaa watoto wa shule. Halafu kuna maana ya mwili wenyewe. Miaka ya tisini tulizika sana, na kukonda kulikuwa na tafsiri moja tu, UKIMWI. Mpaka leo, mwanamke akipungua kilo nne kwa jitihada zake, shangazi anamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ndoa inaendaje?" Akinenepa anaambiwa amenawiri, mume anamtunza. Huwezi kumuuzia mtu mzani bila kujua shangazi atasema nini.

Ndiyo maana mimi nina imani na klabu za jogging kuliko jimu. Anayeishi Temeke, Ilala au Kinondoni anazijua: Jumapili asubuhi, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo za mchakamchaka tulizozikimbilia shuleni, kina mama wenye miili yao na vijana wembamba katika mstari uleule. Mwendo wao ni wa polepole, na mtaalamu wa kunyanyua vyuma atawacheka. Lakini klabu niliyowahi kukimbia nayo ilikuwa na daftari la michango. Mwenzetu alipofiwa tulikwenda na fulana zetu. Mama mmoja asipoonekana wiki mbili, watu wawili walitumwa nyumbani kwake. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakakuta wenye mahusiano thabiti walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa 50%. Katika klabu ile sikuwahi kuambiwa ni kalori ngapi nimechoma. Niliulizwa mbona sikuja.

Kero yangu ni kwamba serikali zetu zinaiga sehemu ya fulana tu. Desemba 2016 Tanzania ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar wana yao Januari 1. Kigali walianza mwaka 2016 siku ya kuyaondoa magari barabarani, na hao angalau wamegusa barabara. Kwetu kiongozi anatembea kilomita tano mbele ya kamera, Jumatatu inarudi, njia ya waenda kwa miguu imeegeshwa magari na kiwanja cha watoto kimepimwa viwanja vya nyumba.

Tuliwahi kufanya vizuri zaidi, tena tukiwa maskini kuliko sasa. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, vijijini, wiki kwa wiki. Kipindi kikiisha, kikundi kinajadili, kisha kinashika jembe: kuchimba choo, kufyeka majani yanayoficha mbu, kusafisha kisima. Ilikuwa na kasoro za zama zake. Amri zilikuwa karibu mno na elimu. Lakini itazame mantiki yake. Haikumwambia mtu abadilishe mwili wake akiwa peke yake ndani ya mazingira yaleyale. Iliwaweka watu pamoja wabadilishe mazingira yanayougusa mwili wa kila mmoja. Mwaka 1975 ikafuata *Chakula ni Uhai* kwa njia hiyohiyo. Jina la ile ya kwanza lenyewe halikutenganisha mtu na afya kwa kiunganishi.

Hospitali haiwezi kuipa Kariakoo vyoo, najua. Lakini inaweza kuuliza. Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza anayelemewa na mawazo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kifaa chao ni benchi na bibi.

Benchi ndilo linalonirudisha kwenye hema. Presha, kwa kanuni zake, hupimwa mtu akiwa amekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, kibofu kikiwa kitupu, na awe hakufanya kazi nzito nusu saa nyuma. Ikitoka juu hurudiwa, na siku nyingine hurudiwa tena, ndipo mtu aambiwe ana ugonjwa. Yule mzee alipimwa jasho likimtiririka, akitoka kusukuma mabelo manne, huenda akiwa amejibana tangu asubuhi ili kuokoa hela ya choo. Ile 168 huenda ilikuwa presha, huenda ilikuwa mkokoteni. Hatukujua, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumkalisha. Viti vyote viwili vilikuwa vya wapimaji.

Mkifunga hema tena Kariakoo, ndugu waandaaji, fulana ziacheni. Leteni benchi refu, ndoo ya maji yenye bomba, na mzungumze na mwenye choo cha jirani awe bure siku hiyo. Mzee akija, mwambieni kwanza akae.